Kivumishi cha Kiingereza katika Istilahi za Kiswahili: Historia na Mafunzo Yake

1. Utangulizi

Jina kamili la nchi yetu kwa Kiingereza linaanza na kivumishi, nacho ni "United". Kwa Kiswahili jina hilo halina kivumishi hata kimoja. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni majina matatu yaliyofungwa pamoja kwa -a ya uhusiano. Ndivyo ilivyo pia kwa Umoja wa Mataifa, ambao kwa Kiingereza unaanza na neno lile lile "United". Katika majina haya mawili kazi iliyofanywa na kivumishi katika lugha moja imefanywa na jina katika lugha ya pili, na hakuna Mswahili aliyewahi kulalamika kwamba kuna kitu kimepunguka.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi vivumishi vya Kiingereza vilikotoka, jinsi vilivyopokewa katika Kiswahili tangu sarufi za kwanza zilipoandikwa, na mafunzo ambayo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anaweza kuyapata katika historia hiyo. Hoja yetu ni moja: vivumishi vya Kiingereza haviko vya aina moja, na istilahi zilizofaulu ni zile ambazo kivumishi kilifasiriwa kwa kufuata kazi yake, si kwa kufuata umbo lake.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na kwa hiyo sheria nyingi zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji kufasiriwa. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwananchi anayeshtakiwa, anayetozwa kodi au anayedai kiinua mgongo chake anafungwa na maneno yaliyochaguliwa na mfasiri. Kivumishi kimoja kikifasiriwa visivyo, haki inaweza kuhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

2. Kivumishi cha Kiingereza kilikotoka

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki. Ni kweli leo, lakini haikuwa kweli tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na upatanisho. Kivumishi kilibadilika kufuata jinsia ya jina, ambazo zilikuwa tatu. Kilibadilika pia kufuata umoja na wingi, na kufuata kazi ya jina katika sentensi. Kwa jambo hili moja msemaji wa Kiswahili angalijiona yuko nyumbani. Baadaye miisho hiyo ilidhoofika, na kufikia mwisho wa karne ya 15 ilikuwa imekwisha kutoweka. Kivumishi kikabaki bila alama yoyote ya kuonyesha jina linalosifiwa ni lipi. Tangu hapo ni nafasi ya neno katika sentensi iliyobeba kazi ambayo katika Kiswahili hubebwa na kiambishi cha ngeli. Tutaona hapo mbele kwamba jambo hili lina matokeo makubwa.

Ushindi wa Wanormani ulileta Kifaransa katika mahakama na katika utawala wa Uingereza. Athari yake imebaki hadi leo katika istilahi ambazo kivumishi hufuata jina, kama vile "Attorney General", "notary public" na "court martial". Mpangilio huu unafanana na wetu, ila kivumishi chao hakichukui wingi: Waingereza husema "Attorneys General", nasi husema Wanasheria Wakuu, kila neno likiwa na kiambishi chake.

Baada ya Kifaransa kikaja Kilatini cha wasomi. Jambo la kushangaza ni kwamba Kiingereza kilihifadhi majina yake mengi ya kila siku, lakini kikaazima vivumishi vya majina hayo kutoka Kilatini. Jua ni "sun", lakini nishati yake ni "solar". Mwezi ni "moon", lakini cha mwezi ni "lunar". Jino ni "tooth", lakini cha meno ni "dental". Mwaka ni "year", lakini mkutano wake ni "annual". Mtoto wa Kiingereza anayelijua jua hajui bado maana ya "solar" mpaka afundishwe neno la pili. Mtoto wa Kiswahili anayelijua jua anaielewa nishati ya jua siku anapoisikia. Daktari wa meno, mkutano wa mwaka, kupatwa kwa mwezi: katika istilahi zote hizi msomaji hurudishwa kwenye neno analolijua tangu utotoni. Huu ni utajiri ambao tunaupoteza kila tunapodhani kwamba kivumishi cha kigeni hakina budi kupatiwa kivumishi kipya.

Wanasarufi wa Kiingereza nao walichukua muda kukiweka kivumishi mahali pake. Katika mapokeo ya sarufi ya Kilatini, jina na kivumishi vilihesabiwa kuwa matawi mawili ya aina moja ya neno, na sarufi za Kiingereza za mwanzo zilifuata mapokeo hayo. Kitabu cha Robert Lowth cha mwaka 1762 kilikiorodhesha kivumishi kuwa aina ya neno inayojitegemea, na ndivyo kilivyofundishwa baadaye katika shule, zikiwemo zile zilizofunguliwa Afrika ya Mashariki.

Hata hivyo ndani ya aina hiyo moja zimo kazi mbili zilizo mbali sana. Kuna kivumishi cha sifa, ambacho hueleza jinsi kitu kilivyo, na kuna kivumishi cha kuainisha, ambacho hueleza kitu ni cha aina gani. Namna ya kuvitenganisha ni nyepesi. Kivumishi cha sifa hukubali neno "very" mbele yake, kwa maana sifa huweza kuzidi na kupungua. Kivumishi cha kuainisha hukataa. Nyumba inaweza kuwa kubwa sana, lakini nishati haiwezi kuwa ya nyuklia sana.

Taabu ni kwamba neno moja laweza kufanya kazi zote mbili. Tulitazame neno "civil". "Civil case" ni kesi ya madai. "Civil servant" ni mtumishi wa serikali. "Civil engineer" ni mhandisi wa ujenzi. "Civil war" ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na "civil answer" ni jibu la adabu. Katika matano haya ni la mwisho tu linalokubali "very", na ni hilo tu linalotaja sifa. Kadhalika "criminal lawyer" ni wakili wa kesi za jinai. Anayemwita wakili mhalifu amekichukua kivumishi cha kuainisha akakifasiri kama cha sifa, na wakili huyo anaweza kumfungulia kesi ya madai.

3. Kivumishi katika sarufi za kwanza za Kiswahili

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870. A. C. Madan akafuata na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili-Kiingereza mwaka 1903. Hawa walikuwa watu wenye bidii, na kazi zao zingali zinatusaidia. Lakini kila mmoja alikuja na sarufi ya Ulaya mkononi, na mtu anayekuja na orodha ya aina za maneno hutafuta kila aina mahali pake.

Walipovitafuta vivumishi walikuta mambo matatu. Kwanza, maneno ya asili ya Kibantu yanayochukua viambishi vya ngeli, kama -zuri, -baya, -kubwa, -dogo, -refu na -fupi, yalikuwa machache yakilinganishwa na vivumishi vya Kiingereza. Pili, yalikuwepo maneno yaliyotoka katika Kiarabu ambayo hayachukui viambishi, kama safi, rahisi, ghali, hodari, halali na rasmi. Tatu, kazi kubwa iliyobaki ilifanywa kwa njia nyingine: kwa -a ya uhusiano, kwa -enye, na kwa kitenzi chenye kirejeshi. Mtu mwenye hekima, maneno ya kweli, mti uliokauka: hapa pana sifa tatu, wala hapana kivumishi cha umbo la Kizungu.

Kwa macho ya mgeni hali hii ilionekana kuwa upungufu, na wazo hilo lilidumu kwa muda mrefu. Lakini ukilinganisha na historia tuliyoieleza hapo juu, utaona kwamba wingi wa vivumishi vya Kiingereza umetokana kwa sehemu kubwa na kukopa. Kiswahili nacho kilikopa kilipohitaji, lakini kilikuwa na njia zake za ndani za kufanya kazi hiyo.

Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi ya kukisanifisha Kiswahili kwa kufuata lahaja ya Unguja. Kamusi mbili zilizobeba jina la Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, zilitoka mwaka 1939, baada ya kifo chake. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, iwe hii au nyingine yoyote, ina tatizo moja ambalo haiwezi kulikwepa: hulazimika kukiorodhesha kivumishi peke yake, au pamoja na mifano michache. Lakini kivumishi cha kuainisha hakina maana kamili mpaka kikutane na jina lake. Mfasiri anayechukua kisawe cha kwanza kilichoorodheshwa huchukua nusu ya neno.

Hatua kubwa ilipigwa na E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944. Yeye alijaribu kuyaeleza maumbo ya Kiswahili kwa kufuata maana na kazi zake ndani ya Kiswahili chenyewe. Waalimu wengi waliofundishwa kwa kitabu hicho walianza kuiona -a ya uhusiano kuwa chombo chenye nguvu.

4. Neno moja kwa mengi: historia ya -kuu

Baada ya Uhuru kazi ya istilahi iliongezeka ghafla. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Orodha za istilahi zilizopitishwa na Baraza zikaanza kutolewa katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970. Katika kipindi hicho vyeo na vyombo vya dola vilivyokuwa na majina ya Kiingereza vilihitaji majina ya Kiswahili yatakayosikika redioni na kusomeka magazetini.

Msomaji akitazama majina hayo ataona neno moja likirudi kila mahali, nalo ni -kuu. Waziri Mkuu kwa Kiingereza ni "prime". Jaji Mkuu ni "chief". Mwanasheria Mkuu ni "general". Mahakama Kuu ni "high". Benki Kuu ni "central". Barabara kuu ni "main". Sheria kuu ni "principal". Vivumishi saba vya Kiingereza vimeingia katika shina moja la Kibantu. Sababu yake ni kwamba vyote vinafanya kazi moja, nayo ni kuonyesha kilicho juu au kilicho katikati ya vingine vya aina yake. Kiswahili tangu zamani kilitofautisha -kubwa, ambayo ni ya kimo na kiasi, na -kuu, ambayo ni ya cheo na heshima. Ndiyo maana sikukuu si siku ndefu.

Mfano wa kufundisha zaidi ni "Permanent Secretary". Huyu aliitwa wa kudumu huko Uingereza kwa sababu mawaziri huja na kuondoka naye akabaki. Nchini Kenya cheo hicho kilizoeleka kwa jina la Katibu wa Kudumu, yaani kivumishi kilifasiriwa kilivyo. Tanzania ikasema Katibu Mkuu, ikiangalia nafasi ya mtu huyo katika wizara na si muda wake kazini. Majina yote mawili yalieleweka. Lakini la pili lilizaa tatizo ambalo linafaa kuangaliwa. Ilipohitajika kumtaja "Chief Secretary", ambaye ni mkuu wa makatibu hao, neno -kuu lilikuwa limekwisha kutumika. Ndipo tukapata Katibu Mkuu Kiongozi. Kadhalika Kenya ilipounda mahakama iliyo juu ya zote kwa Katiba ya mwaka 2010, jina la Mahakama Kuu lilikuwa na mwenyewe, na mahakama mpya ikaitwa Mahakama ya Juu.

Fundisho lake ni kwamba kivumishi cha kuainisha hakichaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na ndugu zake wote wa ngazi hiyo. Anayepewa neno "senior" alifasiri hana budi kuuliza kwanza "principal" na "chief" wamepewa nini, kwa maana mshahara wa mtu hufuata jina la cheo chake.

5. Maneno mengi kwa moja: historia ya "public"

Kinyume cha -kuu ni neno "public". Shirika ni la umma, afya ni ya jamii, mkutano ni wa hadhara, na mwendesha mashtaka ni wa serikali. Kivumishi ni kimoja katika Kiingereza, lakini Kiswahili kimeona vitu vinne: watu kwa ujumla wao kama wenye mali, watu kama wanaoishi pamoja, mahali palipo wazi kwa kila mtu, na dola. Waingereza wenyewe hawana umoja juu ya neno hili, kwani kwa desturi ya England shule inayoitwa "public school" ni shule ya watu binafsi ambayo wazazi hulipa ada kubwa. Mfasiri atakayeiita shule ya umma atakuwa amelifasiri kila neno na kuupotosha ukweli.

Wapo wanaodai kwamba kila neno la Kiingereza lipewe kisawe kimoja tu, ili istilahi ziwe na nidhamu. Dai hilo lina haki yake ndani ya fani moja: katika fizikia, kwa mfano, kivumishi kimoja kisipewe visawe viwili kwa dhana ile ile. Lakini nidhamu ya istilahi ni nidhamu ya dhana, wala si ya herufi za Kiingereza.

6. Suala la -a ki-

Katika miongo ya karibuni umbo la -a ki- limeenea sana: -a kitaifa, -a kiuchumi, -a kisiasa, -a kijamii, -a kisayansi. Umbo lenyewe si geni. Tangu zamani ki- imeonyesha namna au mtindo, kama katika mavazi ya kifalme na desturi za Kiarabu. Kilicho kipya ni mazoea ya kulitumia kila mahali panapotokea kivumishi cha Kiingereza chenye miisho ya "-al" au "-ic".

Mazoea haya yana hatari, kwa kuwa -a na -a ki- hazina maana moja. Mchezo wa watoto ni mchezo unaochezwa na watoto. Mchezo wa kitoto unaweza kuchezwa na watu wazima wenye mvi. Mwalimu wa sayansi ni yule anayefundisha somo hilo. Mbinu ya kisayansi ni ile inayofuata taratibu za sayansi, hata ikitumika katika historia. Hospitali ya jeshi inamilikiwa na jeshi; serikali ya kijeshi haimilikiwi na jeshi kama mali, bali inaendeshwa kwa amri za askari. Kwa ufupi, -a hueleza mwenyewe, mada au matumizi. -A ki- hueleza namna, mtindo au ngazi.

Wazee wetu walilijua hili. Wimbo ni wa taifa, na Baraza lenyewe ni la Kiswahili la Taifa. Mkutano unaweza kuwa wa kitaifa au wa kimataifa, kwa sababu hapo kinachotajwa ni ngazi yake. Pendekezo letu ni kwamba mfasiri aanze na -a pamoja na jina, na aiongeze ki- pale tu anapoweza kueleza ki- hiyo imeleta maana gani.

7. Vivumishi vyenye asili ya kitenzi

Kiingereza kina vivumishi vingi vilivyotokana na vitenzi, na hapa ndipo wanafunzi wetu hujikwaa zaidi. Umbo la "-ing" lina angalau kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuonyesha tendo linaloendelea: "developing countries" ni nchi zinazoendelea. Ya pili ni kuonyesha matumizi: "drinking water" ni maji ya kunywa, wala si maji yanayokunywa. Kiswahili hapa kina chombo ambacho Kiingereza hakina, yaani kauli ya kutendea: kalamu ya kuandikia, meza ya kulia, mashine ya kusagia. Ya tatu ni kuainisha tu, ambapo tendo lenyewe limekwisha kusahaulika: "standing orders" za Bunge ni Kanuni za Kudumu, wala hakuna kinachosimama, na "Acting Director" ni Kaimu Mkurugenzi, jina ambalo kwa Kiswahili hutangulia cheo.

Umbo la "-ed" nalo hutaka uangalifu wa wakati. "Developed countries" ni nchi zilizoendelea. Tofauti kati ya "retiring" na "retired" ni tofauti kati ya anayestaafu na aliyestaafu, na kwa mtu anayesubiri malipo yake hiyo si tofauti ndogo. Kirejeshi cha Kiswahili, kwa kubeba wakati na ngeli pamoja, huyaeleza haya kwa usahihi.

Mwisho wa "-able" hufundishwa shuleni kwamba maana yake ni kuwezekana, na kwamba kisawe chake ni kauli ya kutendeka. Hiyo ni kweli kwa maji yanayonyweka. Lakini katika lugha ya sheria mwisho huo una maana tatu: huweza kufanyika, huruhusiwa kufanyika, na hupasa kufanyika. "Bailable offence" ni kosa lenye dhamana, yaani sheria inaruhusu. "Tax payable" ni kodi inayopaswa kulipwa. Mfasiri atakayeandika kodi inayolipika atamfanya mlipa kodi adhani kwamba anaambiwa kodi hiyo ni nafuu, au kwamba ana hiari. Kauli ya kutendeka haina lazima ndani yake.

8. Nafasi ya kivumishi

Tulisema kwamba Kiingereza kilipopoteza upatanisho, kazi yake ilihamia katika nafasi ya neno. Kuna vivumishi ambavyo hubadilika maana vikihamishwa kutoka mbele ya jina kwenda nyuma yake. "Responsible minister" ni waziri makini. "Minister responsible" ni waziri mwenye dhamana. "Concerned persons" ni watu wenye wasiwasi. "Persons concerned" ni watu wanaohusika. "Present members" ni wajumbe wa sasa. "Members present" ni wajumbe waliohudhuria.

Mfano huu wa mwisho tuutazame kwa hesabu. Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 inasema maamuzi muhimu ya Baraza Kuu yafikiwe kwa theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kwa upande wake, inataka theluthi mbili ya Wabunge wote katika kubadili masharti ya Katiba. Sasa tuchukue bodi yenye wajumbe 30, na siku ya kikao wakahudhuria 18. Theluthi mbili ya wajumbe wote ni 20, na kwa hiyo siku hiyo hakuna linaloweza kupitishwa. Theluthi mbili ya waliohudhuria ni 12. Hoja iliyoungwa mkono na watu 12 imepita kwa tafsiri moja na imeanguka kwa tafsiri nyingine.

Wengi hufasiri "members present" kuwa wajumbe waliopo. Neno hili halitoshi. Waliopo wanaweza kuwa walio ukumbini, na wanaweza kuwa walio katika ujumbe kwa sasa, tofauti na waliofariki au waliojiuzulu. Yaani utata ambao Kiingereza kiliuondoa kwa kuhamisha neno umerudishwa na Kiswahili kisichochaguliwa vizuri. Waliohudhuria ni neno lisilo na mashaka, nalo ndilo linalofaa katika kanuni za vikao.

9. Hitimisho

Kutokana na historia hii tunawapendekezea wafasiri maswali manne ya kujiuliza kila wanapokutana na kivumishi cha Kiingereza. La kwanza: je, kinakubali "very"? Kama hakikubali, kinaainisha, na -a pamoja na jina ndiyo njia ya kujaribu kwanza. La pili: kina ndugu gani katika ngazi au orodha hiyo, nao wamepewa majina gani? La tatu: kama kina asili ya kitenzi, tendo hilo linaendelea, limekwisha, ni la matumizi, au ni la lazima? La nne: kimekaa mbele ya jina au nyuma yake, na je, kikihamishwa maana inabadilika?

Kwa waalimu tunashauri kwamba vivumishi vya Kiingereza visifundishwe kama orodha ya maneno na visawe vyake. Mwanafunzi apewe neno moja, kama "civil" au "public", pamoja na majina matano tofauti, kisha aulizwe Kiswahili husemaje katika kila mahali. Zoezi hilo litamfundisha Kiingereza vizuri zaidi, na wakati huo huo litamwonyesha nguvu ya lugha yake.

Kwa watumishi wa serikali, ambao mara nyingi hutakiwa kufasiri waraka kabla ya saa za kazi kwisha, tunaomba jambo moja tu. Wasikiandike kisawe cha kivumishi kabla ya kulisoma jina linalofuatana nacho, na pale ambapo fedha, kura au kifungo hutegemea neno hilo, wawapelekee wenzao wa istilahi sentensi nzima.